Vioo vya Ukuta wa Mnara

Mama yake mkaguzi alikiona kioo kimevunjika siku ya Jumatano, saa moja asubuhi, akiwa na ufagio mkononi, na jambo la kwanza lililomjia kichwani ni kwamba yeye ndiye aliyekivunja.

Hakutakiwa kuwa mle ndani. Tangu tetemeko lile kubwa, wiki mbili nyuma, kanisa lilikuwa limezungushiwa utepe wa plastiki, na mlangoni palibandikwa karatasi yenye mhuri inayomkataza mtu yeyote kuingia. Lakini karatasi ile aliibandika mwanawe, na mama gani anazuiwa na karatasi ya mwanawe? Kanisa hilo alikuwa amelifagia miaka thelathini na moja. Ufunguo wa mlango wa sakristia, chumba cha padri cha kuvalia, alikuwa nao kiunoni, umefungwa kwa kamba. Jumapili kungekuwa na misa ya kuwaombea waliokufa, kama wakaguzi wangeruhusu, na hakutaka watu waje kulia kwenye uchafu. Jana yake alikuwa ameingia akafagia, na leo alikuja kumalizia utando wa buibui.

Vioo vilikuwa vitano, kila kimoja urefu wa kidole, vimebandikwa kwa jasi nyeupe juu ya ufa uliopanda kwenye ukuta wa mnara kama mshono uliofumuka. Nusu ya kioo ilikuwa upande huu wa ufa, nusu upande ule, na pembeni ya kila kimoja mwanawe alikuwa ameandika tarehe kwa penseli. Siku alipovibandika mama alikuwepo, akatazama, hakuuliza. Ukuta umechanika, wamekuja kuubandika plasta. Kwake halikuwa jambo la kuuliza. Sasa viwili vilikuwa vimekatika katikati, na dakika ile ile alikuwa ametoka kupitisha hapo ufagio wake mrefu.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Nimeharibu kazi ya watu."

Aliogopa, lakini hofu yake haikuwa ya ukuta. Alimwogopea mwanawe. Mtaani walimwita Injinia, naye hakuwasahihisha, lakini ofisini walijua kwamba ana cheti tu, na wakuu wake walikuwa hawaachi kumkumbusha. Mama aliwaza mwanawe amesimamishwa mbele ya meza ya mkuu wake, anaulizwa vioo vya serikali vimekwenda wapi, na yeye hana jibu. Basi alifanya kile ambacho mama yeyote mwenye mikono mizuri angefanya. Alivuta mlango, akaenda kwa fundi vioo.

"Vipande viwili, kama hivi," alisema, akamwonyesha alichokibandua.

"Mama, vidogo hivi vya nini? Dirisha la kuku?"

"Vya kanisa."

"Haya, kanisa la kuku." Fundi alicheka, akakata mabaki, akampa bure.

Jasi alikuwa nayo mwenyewe. Sanamu za kanisa lile zilikuwa zikivunjika vidole kila mwaka, na ni yeye aliyekuwa akizirudishia. Alikoroga kwenye bakuli, akabandika, akasawazisha kwa kidole gumba, akanakili tarehe kwa penseli pole pole, akiutoa ulimi nje kidogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu akatazama. Hata malaika asingejua. Kisha akafagia chini ya ufa, akazoa unga wa chokaa na vipande vya mawe, sepetu mbili zikajaa. Akajiuliza uchafu wote huo umetoka wapi, na jana tu alikuwa amefagia.

Alhamisi alikuta viwili vingine vimekatika. Alijilaani kwa uzembe wake, akarudi kwa fundi vioo.

*

Ijumaa saa nne mkaguzi alikuja na fomu yake.

Fomu ile ilikuwa na kurasa sita, na mwishoni kulikuwa na visanduku vitatu: kijani, njano, nyekundu. Kijani ni ruhusa. Nyekundu ni mtu asisogelee. Njano ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi, kwa sababu njano maana yake ni tumia, lakini kwa masharti, na masharti anayatunga mkaguzi kwa akili yake na jina lake linawekwa chini. Alikuwa na makanisa kumi na moja ya kale kwenye orodha, yote ya mawe na chokaa, yote yamejengwa na watu waliokufa zamani bila kuacha michoro. Kofia yake ngumu ilikuwa imekatika mkanda, kwa hiyo kila alipotazama juu aliishika kwa mkono mmoja, na katika kazi hii mtu anatazama juu siku nzima.

Paroko alikuja, na mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mtu mnene aliyezoea kusema na watu akiwa ametazama saa yake.

"Haya kijana," mwenyekiti alisema. Mkaguzi alikuwa na miaka arobaini na sita. "Leo utatupa jibu, au utatuletea vioo vingine? Ukiendelea hivi utafungua duka."

"Nitaangalia kwanza, mzee."

"Angalia. Watu wana maiti zao kumi na tisa, hawajasomewa hata misa moja. Uwaambie wasubiri kioo."

Mkaguzi aliwasha tochi. Alisogea hadi kwenye ukuta wa mnara akaviangalia vioo kimoja kimoja, kutoka cha chini hadi cha juu, akipanda ngazi ya mbao. Cha kwanza, kizima. Cha pili, kizima. Akatazama chini ya ufa, mahali ambapo ukuta unaotembea huacha unga wake. Sakafu ilikuwa inang'aa. Pumzi ikamtoka, kwa sababu tangu Jumamosi alipovibandika alikuwa ameubeba ukuta huo kifuani.

Jambo moja tu halikukaa sawa. Mlango mdogo wa kupandia mnarani, ambao wiki iliyopita ulifungika kwa kidole, leo ulikwama. Aliusukuma kwa bega.

"Unyevu," mwenyekiti alisema. "Mbao hizo zina umri mkubwa kuliko babu yangu."

"Wiki iliyopita haukukwama."

"Wiki iliyopita kulikuwa na jua."

Mkaguzi alimpigia simu mkuu wake. Mkuu alikuwa kwenye mkutano, akajibu kwa kunong'ona kwa hasira. "Vioo vimevunjika?"

"Hapana."

"Kuna unga?"

"Hapana, ila mlango—"

"Bwana, umetumwa kukagua ukuta au mlango? Andika njano tuendelee."

Wakati wote huo mama yake alikuwa amesimama karibu na nguzo na ndoo yake. Mara mbili alifungua mdomo. Mara ya kwanza mwenyekiti alikuwa anaongea. Mara ya pili mwanawe alimgeukia akamtabasamia, tabasamu ambalo hakuwa ameliona tangu siku ya tetemeko, na maneno yakamrudi tumboni. Ya nini kumharibia? Vioo si vimesharudi?

Mkaguzi aliandika njano. Watu wasizidi mia nne. Kwaya ipande roshani, lakini bila kuruka wala kucheza. Kengele ipigwe mara tatu basi. Aliweka sahihi.

"Asante, Injinia," alisema mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza hakutazama saa.

*

Nyumbani kwa mkaguzi hakuna aliyekuwa akifunga mlango tena, hata mchana. Ulikuwa umeegemezewa tofali ili usije ukawabana ndani. Vyombo vilishushwa kutoka rafuni vikapangwa sakafuni, na mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amehamishia cherehani yake ukumbini, karibu na njia ya kutokea. Jumamosi alasiri alikuwa anashona kanzu za kwaya, kwa sababu za zamani zilifukiwa na dari ya sakristia. Binti yao, miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama juu ya kiti akipimwa urefu.

"Nyoosha mgongo. Unasimama kama gunia."

"Mama, kanzu inanichoma."

"Itakuchoma zaidi nikiacha pini ndani. Tulia."

Ndipo sakafu ilipotikisika. Ilikuwa kidogo tu, kama lori limepita, lakini lori halikuwepo. Sahani zililia sakafuni. Mke wa mkaguzi alikuwa ameshamshika mtoto kiunoni akafika naye uani kabla hajajua ameinuka, pini zimemtapakaa kifuani. Mkaguzi alitoka na kikombe cha chai mkononi. Mama yake alitoka wa mwisho. Walisimama uani wote wanne, wakitazama paa lao kama watu wanaomtazama mbwa wasiyemjua. Ilipita. Mtoto alianza kulia kwa sauti ndogo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Baba," alisema walipokwisha kurudi ndani. "Kesho tukiwa juu kule ikitikisika je?"

Mkaguzi alimkalisha gotini ingawa miguu ya mtoto ilikuwa inaburuta chini. "Kuna vioo ukutani, umeviona? Kioo hakijui kujikunja. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinakatika. Ndiyo kazi yake, kuvunjika. Kikiwa kizima, basi ukuta umetulia."

"Kwa hiyo havishiki ukuta?"

"Vishike vipi? Kioo hiki na mnara ule? Vinatuambia tu."

Mama yake alikuwa anakunywa chai. Kikombe kilibaki hewani, kati ya meza na mdomo.

"Na kama kimegongwa na kitu?" aliuliza.

"Kitu gani, mama?"

"Kitu tu. Popo."

Mkaguzi alicheka. "Popo akikigonga kitavunjika popote pale, tena kitadondoka. Ukuta ukisogea kinakatika palepale juu ya ufa, na vipande vinabaki vimeshikwa na jasi."

Mama aliweka kikombe chini. Vyake vilikatika palepale juu ya ufa. Vipande vilibaki vimeshikwa, aliviondoa kwa kisu.

Alitaka kusema. Tusimhukumu kwa haraka; ni rahisi kuwa jasiri kwa niaba ya mtu mwingine. Mdomo aliufungua, lakini mkaguzi alikuwa anamfuta mtoto machozi akimwambia, "Mimi ndiye niliyetia sahihi. Unadhani ningekutia wewe mahali pabaya?" Akisema sasa, maneno hayo yatageuka uongo mbele ya mtoto. Akisema sasa, Jumatatu mwanawe hana kazi. Na huenda ulikuwa ufagio kweli. Si alipitisha ufagio? Basi akapatana na nafsi yake: kesho ataenda mapema kabla ya watu. Akikuta vioo vyake vizima, ilikuwa ufagio. Akikuta vimevunjika, atasema, liwalo na liwe.

Mkwewe alimwona amekumbatia mikono kifuani. "Mama, unaumwa?"

"Baridi tu, mwanangu."

Jua la alasiri lilikuwa linawaka.

*

Mapema yake haikutosha. Jumapili saa kumi na mbili na nusu wanakamati walikuwa wamekwisha kujaa kanisani wakipanga viti, na mwenyekiti alikuwa amewaletea waliofiwa mashada, makubwa, ya kusimama. Mahali pazuri pa kuyaweka alipaona mwenyewe: kwenye ukuta wa mnara, ili ufa usionekane na wageni.

Mama alianza kusogeza shada la kwanza.

"Mama! Mama, acha hayo, yamepangwa kwa majina ya marehemu."

"Nataka kufagia nyuma."

"Pamefagiwa. Wewe leo ni mgeni, kakae mbele na wazee." Alimshika mkono, akampeleka hadi benchi la pili, akamkalisha. Mama alikaa. Miaka thelathini na moja alikuwa amekaa benchi la mwisho, karibu na ndoo, na hakujua namna ya kumkatalia mtu anayempa heshima mbele za watu. Mwenyekiti alisimama palepale kwenye njia akisalimia wageni, na kila mama alipoinuka alimwonyesha kwa mkono kwamba akae.

Kanisa lilijaa. Waliofiwa waliingia na nguo zao nyeusi, wengine na plasta vichwani, na kila aliyeingia alitazama juu kwanza kabla ya kupiga magoti. Saa mbili kasorobo kwaya ilianza kupanda. Njia ya kwenda roshani ya kwaya ilikuwa ndani ya mnara wenyewe, ngazi za mawe zinazozunguka, nyembamba hivi kwamba watu wawili hawapishani. Mama aliuona mgongo wa mjukuu wake katika kanzu mpya unapita kwenye mlango mdogo. Mpiga kengele alilazimika kuuvuta mlango kwa mikono miwili.

Hapo aliinuka, na safari hii mwenyekiti alipomwonyesha mkono hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja akaingiza kichwa nyuma ya shada la tatu.

Vioo vyote vitano vilikuwa vimekatika. Na juu ya maua meupe, kama mtu amenyunyiza, kulikuwa na unga.

Mkaguzi alikuwa kwenye mlango mkubwa, anahesabu watu wasizidi mia nne. Mama yake alimshika mkono wa shati.

"Mwanangu. Vile vioo nilivibadilisha mimi."

"Vioo gani?"

"Vilivunjika Jumatano viwili. Alhamisi viwili. Nilidhani ni ufagio wangu. Nikakata vingine, nikabandika, nikaandika tarehe yako." Alisema bila kumeza mate, akiogopa akinyamaza hatamaliza. "Sasa vimevunjika vyote. Mtoto yuko juu."

Mkaguzi hakumkaripia. Alitazama juu, kofia ikamdondoka kichwani ikabingirika kwenye ngazi, na yeye hakuigeukia. Kichwani mwake alikuwa anasoma upya kila kitu: sakafu inayong'aa, mlango uliokwama, mtikisiko wa jana, mashada aliyoyakuta leo yameufunika ufa naye akayaacha. Ukuta ulikuwa umetembea wiki nzima, naye alikuwa amewaingiza watu mia nne chini yake, na binti yake juu yake. Kengele ilikuwa ya saa mbili kamili. Kengele yenyewe ilikuwa ya tani moja na nusu. Zilibaki dakika sita.

"Kamzuie mpiga kengele," alimwambia mama yake. "Kamba isiguswe. Usipige kelele."

Mama alikwenda. Mkaguzi alipita njia ya kati akitembea, miguu yake ikitaka kukimbia, akamfikia paroko mlangoni mwa sakristia, akamwambia kwa maneno kumi. Paroko alikuwa mzee mwenye shinikizo la damu. Alishika fremu ya mlango.

"Ukitangaza watakanyagana," mkaguzi alisema.

"Sitatangaza." Paroko alifumba macho kidogo. "Watatoka kwa maandamano. Nitawaambia tunawaombea marehemu wetu nje, chini ya mbingu. Mlango gani?"

"Wa pembeni. Mbali na mnara. Wasiimbe kwa nguvu."

Mwenyekiti alikuja mbio akinong'ona kwa ukali. "Nini hiki? Ratiba inasema—"

"Mzee, ukuta unaanguka," alisema mkaguzi. Mwenyekiti alitazama mnara, akatazama saa yake, akafunga mdomo, na baadaye watu walisema yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka.

Sauti ya paroko ilikuwa tulivu, Mungu ndiye anayejua aliitoa wapi. Mabenchi yalianza kuinuka moja moja. Mkaguzi alimwona mkewe benchi la sita, na mkewe alimwona yeye. Wameoana miaka kumi na tano; hakuhitaji kuambiwa. Alianza kwenda upande wa mnara. Mkaguzi alimzuia katikati ya njia.

"Toka na wenzako. Usikimbie."

"Mtoto."

"Nitamleta mimi. Ukikimbia wewe, watakimbia wote, na ngazi ile itaziba. Nakuomba."

Mkewe alimtazama kwa namna ambayo hataisahau. Kisha aligeuka, akamshika mkono mjane mmoja aliyekuwa karibu naye, na akatembea. Alitembea hadi mlangoni bila kugeuka nyuma, akiuma mdomo mpaka ukatoka damu.

Chini ya mnara mpiga kengele alikuwa anabishana na mama. Mama alikuwa ameizungusha kamba mkononi mara tatu, akakaa chini sakafuni na kamba yake, bibi kizee wa kilo hamsini.

"Mama, ni saa mbili! Niachie!"

"Niburute basi."

Mkaguzi alimwondoa mpiga kengele kwa bega, akapanda. Ndani ya ngazi kulikuwa na giza, na ukutani, karibu na sikio lake, alisikia kitu ambacho kwenye vitabu vyao kimeandikwa kwa mstari mmoja tu: mchanga unamwagika ndani ya ukuta. Kwaya ilikuwa watu thelathini na wanne. Aliwaambia wavue viatu, washuke mmoja mmoja, wasiegemee ukuta. Walio karibu na ngazi walitangulia. Binti yake alikuwa safu ya mwisho, mbali na ngazi, kwa sababu ya urefu wake.

"Baba, vioo vimevunjika?"

"Ndiyo."

"Ulisema—"

"Nilisema. Vua viatu."

Hakumpitisha mbele ya wengine. Alitaka, kila mfupa wake ulitaka, lakini kumvuta mmoja kungewafanya thelathini wasukumane. Akasimama akihesabu vichwa vinavyozama kwenye lile shimo la ngazi, ishirini, ishirini na moja, na kati ya kila kichwa na kinachofuata aliusikia ule mchanga. Binti yake alikuwa wa thelathini na mbili. Alishuka ameshika pindo la kanzu ya aliye mbele yake, naye baba akashuka nyuma ya wote. Chini mama yake alikuwa bado amekaa na kamba. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Ilibidi amfungue kidole kimoja kimoja.

*

Mnara haukuanguka. Msomaji anayeungoja uanguke sitamdanganya: ulibaki umesimama, na hadi leo umesimama, umeegemezwa magogo pande tatu. Na hilo ndilo lililowakasirisha watu. Walisimama uwanjani na nguo zao nyeusi, vumbi kwenye viatu, wakiutazama, nao mnara ukiwatazama, na baada ya robo saa hofu ilianza kugeuka aibu, na aibu ikatafuta mtu.

"Mbona haujaanguka?" mwenyekiti aliuliza. Alikuwa amepata sauti yake tena. "Ijumaa salama, Jumapili hatari. Wewe ulitia sahihi au hukutia?"

"Nilitia. Nilikosea," mkaguzi alisema.

"Ulikosea! Watu mia nne!"

"Hakukosea." Mama alikuwa amekuja nyuma yao, viganja vimechubuka. "Nilimdanganya mimi. Vioo nilibandika mimi."

Alieleza mbele ya wote, kuanzia ufagio. Mtu mmoja alicheka, kicheko cha woga, kikakatika. Mwanamke aliyefiwa na watoto wawili alimtazama mama kwa muda mrefu, kisha akatema mate chini, karibu na miguu yake. Mke wa mkaguzi alikuwa amemkumbatia binti yake na hakumtazama mkwewe. Hakumtazama siku ile nzima. Usiku alimpakulia chakula, akakiweka mezani, akaondoka, na mama hakukigusa.

Mkuu wa mkaguzi alipiga simu saa kumi jioni. Maneno yake tuyaache. Mwishoni aliuliza, "Hayo mengine kumi umeyapimaje?"

"Kwa vioo."

"Kesho uyarudie yote," alisema mkuu, kwa sauti nyingine kabisa.

*

Jumatatu alfajiri mkaguzi alipofungua gari la ofisi alimkuta mama yake amesimama karibu nalo, amevaa viatu vya safari.

"Mama, hairuhusiwi."

"Juzi pia haikuruhusiwa." Aliingia akakaa.

Kanisa la kwanza njiani lilikuwa dogo, la miaka mia moja na kumi, na mkaguzi alikuwa ameliandikia kijani, kijani safi, ndilo lililompa usingizi. Chekechea ilikuwa imehamia humo kwa sababu darasa lao lilibomoka. Walisikia watoto wakihesabu kwa sauti hata kabla ya gari kusimama. Mlangoni kulikuwa na mwanamke mwenye dekio, anakamua maji kwenye ndoo.

"Shikamoo mama," alimsalimia bibi kwanza, kisha mkaguzi: "Karibu, bosi. Kila kitu kiko vilevile ulivyoacha."

"Vioo?"

"Vizima."

"Hakuna aliyevigusa?"

"Nani avigusie nini, bosi?" Dekio lilikuwa limeacha kudondosha maji. "Hatujagusa kitu."

Mkaguzi alimtazama. Ijumaa angeandika jibu hilo na kuendelea. Mama yake alimsogeza kwa kiwiko, akainama, akashika upande wa pili wa dekio ili wakamue pamoja, kama watu wa kazi moja.

"Magoti yanakusumbua?" aliuliza.

"La kushoto, mama. Sakafu hii ni ya baridi."

"Yangu yote mawili." Walikamua. Ndani watoto walifika ishirini, wakaanza upya. "Mimi chetu kilivunjika Jumatano," alisema mama, polepole, bila kuinua uso. "Nilidhani ni ufagio wangu. Nikabandika kingine. Niliogopa mwanangu atafukuzwa kazi."

Yule mwanamke alitazama ndoo, akatazama mlango, kule ndani ambako mwalimu alikuwa anapiga makofi kuongoza hesabu.

"Changu Alhamisi," alisema. "Niliogopa watanifukuza mimi."

Mkaguzi alikuwa ameshaingia ndani kuwatoa watoto.